Namna ya Kuandika Wasifu Mfupi wa Wataalamu wa Sauti, Fiziotherapia, Sera za Umma na Utetezi wa Wayahudi

Mtu anayepewa kazi ya kuandika wasifu wa wataalamu wanne ambao fani zao hazifanani, tuseme mwalimu wa sauti, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), mchambuzi wa sera za umma na mtetezi wa haki za Wayahudi, kwa kawaida huanza kwa kukusanya shahada, vyeo na tuzo zao, kisha huzipanga kwa mfuatano wa miaka. Akimaliza huwa na aya nne zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja, na msomaji akiyafunika majina kwa kidole hawezi kujua nani aliwainua wagonjwa vitandani na nani aliandaa miswada ya sheria. Naliona hili kuwa kosa kubwa, kwa sababu watu hao wametumia nusu ya maisha yao kujifunza mambo ambayo wengi wetu hatuyawezi, na heshima ndogo tunayoweza kuwapa ni kueleza walichokifanya.

Ugumu wenyewe uko hapa: kila fani huacha alama zake mahali pake. Kazi ya mwalimu wa sauti inasikika katika koo za watu wengine. Kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia imo katika miili ya wagonjwa ambao huruhusiwi kuwataja. Kazi ya mtu wa sera imefichwa ndani ya sheria iliyopitia mikono mingi, na kazi ya mtetezi mara nyingi ni dhuluma iliyokoma au ambayo haikutokea kabisa. Mwandishi anayejua mahali pa kutafuta atapata habari. Asiyejua atabaki na orodha ya vyeo.

Kabla ya kuandika neno lolote, zungumza na mhusika kwa muda usiopungua saa moja, na habari za vyeti uziache mwishoni badala ya kuanza nazo. Mwulize hali ilikuwaje kabla hajaingia katika kazi fulani, yeye mwenyewe alifanya nini, nani walikuwa pamoja naye, na ni jambo gani alilolijaribu likashindikana. Swali hili la mwisho watu wengi huliogopa kuliuliza, lakini ndilo linalofungua mazungumzo, kwa sababu mtaalamu aliyebobea hukumbuka kushindwa kwake kwa undani zaidi kuliko tuzo zake. Omba pia nyaraka: programu ya onyesho, ripoti, nakala ya sheria, barua ya uteuzi. Kumbukumbu ya mtu mwaminifu huweza kukosea mwaka, na mwaka uliokosewa huishi muda mrefu baada ya kuchapishwa.

Mwalimu wa sauti

Katika fani hii anza na wanafunzi, kisha eleza njia ya ufundishaji, na ndipo utaje shule. Mfano bora ninaoujua ni Manuel García, aliyezaliwa mwaka 1805 na kufariki London mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Mtu angeweza kuandika kwamba alifundisha katika chuo cha muziki cha Paris na baadaye katika Royal Academy of Music ya London, na angekuwa amesema kweli bila kumfikisha msomaji popote. Afadhali asimulie yaliyotokea mwaka 1841, wakati Jenny Lind, mwimbaji kijana kutoka Sweden, alipomwendea Paris akiwa na sauti iliyochoka kwa kuimba jukwaani kupita kiasi. García hakuanza kwa mazoezi. Alimtaka kwanza aipumzishe sauti kwa wiki kadhaa, kisha akamfundisha kwa muda usiofika mwaka mmoja, na Lind akarudi jukwaani kuwa mmoja wa masoprano (waimbaji wa kike wa sauti ya juu) waliosifiwa zaidi katika karne ile. Katika tukio hilo moja msomaji anamwona mwalimu akipima, akiamua na akisubiri, na hivyo anaielewa kazi yenyewe.

Tukio la pili linaeleza njia yake. Mwaka 1854 García alitumia kioo kidogo cha aina wanayotumia madaktari wa meno, pamoja na kioo cha mkononi kilichoakisi mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi, na mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi. Chombo hicho cha kuchunguzia koo kilikuja kuwa msaada mkubwa kwa madaktari, ingawa aliyekibuni alikuwa akitafuta tu kujua sauti ya mwimbaji inatoka wapi. Jambo la namna hii, ambapo udadisi wa mwalimu unavuka mpaka wa fani yake, likipatikana kwa mtu unayemwandikia, lipe nafasi ya kutosha hata kama itabidi kuacha tuzo mbili.

Kuna tahadhari kuhusu wanafunzi maarufu. Mwimbaji hupitia kwa walimu wengi, na si haki kumpa mmoja sifa yote. Uliza mwanafunzi alisoma kwa muda gani, alikuja akiwa na tatizo gani, na aliondoka akiweza nini. Ukoo wa ufundishaji nao una thamani: García alimfundisha Mathilde Marchesi, na Marchesi akamfundisha Nellie Melba, mwimbaji mashuhuri wa opera, kwa hiyo kazi ya mwalimu wa kwanza ilisikika katika kizazi ambacho hakukifundisha mwenyewe. Usiwasahau wanafunzi wasio na majina, kama vile mwanakwaya aliyejifunza kuitawala pumzi yake ama mwalimu wa shule aliyekuwa akipoteza sauti kila ifikapo Ijumaa. Hapo, hata hivyo, tofautisha waziwazi kati ya kufundisha sauti na kutibu ugonjwa wa sauti. Vinundu kwenye nyuzi za sauti ni suala la daktari na mtaalamu wa tiba ya usemi, na mwalimu mzuri ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Hapa faragha ya mgonjwa hutangulia kila kitu. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi, kwa kuwa umri, aina ya ajali na mji vikiwekwa pamoja humtambulisha mtu kwa jirani zake. Ama upate ruhusa ya maandishi, ama ueleze aina ya kazi bila kumgusa mgonjwa mmoja: watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, wachezaji waliofanyiwa upasuaji wa goti, wazee wanaoogopa kuanguka. Mwulize mtaalamu maendeleo hupimwaje, naye atakueleza nyuzi (digrii) ngapi goti linapaswa kukunjika, mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika sita, anainuka kitini mara ngapi bila kushika kitu. Lugha hiyo ya vipimo humpa msomaji picha ambayo maneno kama mahiri na mwenye kujituma hayawezi kuitoa.

Kuhusu vyeo, kuwa mwangalifu. Nchini Marekani wataalamu wengi wa fani hii wana shahada ya udaktari wa fiziotherapia, nayo haiwafanyi kuwa matabibu waliosomea udaktari wa hospitali. Andika shahada kwa ukamilifu wake mara moja, na usiuache ufupisho wa herufi peke yake umtie msomaji katika dhana isiyo sahihi.

Nitatoa mfano wa wasifu wenyewe, kwa kumtumia mwanamke ambaye fani hii inamdai mengi:

"Mary McMillan (1880–1959) alizaliwa Massachusetts na kukulia Uingereza, ambako alijifunza kazi ya kurejesha nguvu za viungo. Mwaka 1918 alijiunga na Jeshi la Marekani kuwahudumia askari majeruhi, na katika chuo cha Reed, Oregon, akawafundisha wanawake wengine kazi hiyo. Mwaka 1921 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha wanawake wa fani yake, ambacho leo ni American Physical Therapy Association, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha kiada kuhusu uchuaji na mazoezi tiba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishikiliwa na Wajapani mjini Manila, Ufilipino."

Ni sentensi nne tu, na hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja. Vitenzi vimebeba mzigo: alijifunza, alijiunga, akawafundisha, alichaguliwa, akachapisha, alishikiliwa. Jaribu kuuandika wasifu wowote kwa kuvifuta kwanza vivumishi vyote, kisha urudishe kile tu ambacho bila hicho sentensi ingedanganya.

Mtaalamu wa sera za umma

Tatizo la wasifu wa watu wa sera ni kitenzi kimoja kinachopendwa mno: "alileta". Fulani alileta sheria, fulani alileta mageuzi. Hakuna anayeleta sheria peke yake, na mwandishi makini hutafuta kitenzi kinacholingana na nafasi ya mhusika, yaani kama alifanya utafiti, alishauri, aliandika rasimu, aliongoza kamati, alipiga kura au alisimamia utekelezaji. Tofauti baina ya vitenzi hivi ndiyo tofauti baina ya kazi zenyewe.

Frances Perkins anaonyesha jambo hili vizuri. Tarehe 25 Machi 1911 alikuwa New York wakati kiwanda cha nguo cha Triangle kilipoungua, na kwa macho yake aliwaona wafanyakazi wakijirusha kutoka madirishani; watu 146 walikufa. Baada ya hapo alishiriki katika uchunguzi wa usalama wa viwanda katika jimbo hilo, na kuanzia mwaka 1933 hadi 1945 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Mwaka 1934 aliiongoza kamati ambayo mapendekezo yake yalizaa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935. Mwandishi mwaminifu ataandika "aliiongoza kamati", wala hataandika "alileta pensheni kwa wazee". Ataongeza kwamba mwanzoni sheria hiyo iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kwamba bima ya afya haikuingizwa. Kutaja mipaka ya kazi hakumpunguzii mtu hadhi. Humsaidia msomaji kuamini yale mengine uliyoyasema.

Mtetezi wa haki za Wayahudi

Fani hii inahitaji usahihi wa maneno kuliko nyingine zote. Myahudi na Mwisraeli si neno moja: wapo Wayahudi wengi ambao ni raia wa Marekani, Ufaransa, Argentina na kwingineko, na wapo raia wa Israeli ambao si Wayahudi. Uyahudi ni dini na ni watu wenye historia yao, ilhali Uzayuni ni harakati ya kisiasa ya kuwa na taifa la Wayahudi. Mwulize mhusika anatetea nini hasa, maana chini ya jina hilo moja kuna wanaopambana na chuki dhidi ya Wayahudi, wanaowasaidia wakimbizi, wanaoshughulikia malipo kwa walionusurika Maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, wanaolinda uhuru wa kuabudu, na wanaoshughulikia uhusiano na Israeli. Andika kwa maneno anayokubali kuwa ni yake, na kama taasisi yake ina msimamo wa kisiasa, utaje kama ulivyo bila kuupamba wala kuuficha.

Kisha onyesha njia iliyotumika. Louis Marshall, wakili aliyeiongoza American Jewish Committee, shirika la kutetea haki za Wayahudi, tangu mwaka 1912 hadi kifo chake mwaka 1929, alikuwa miongoni mwa walioishinikiza Marekani iuvunje mkataba wa biashara wa mwaka 1832 na Urusi, kwa hoja kwamba Urusi ilikataa kuziheshimu pasi za kusafiria za Wamarekani waliokuwa Wayahudi. Hoja hiyo ilijengwa juu ya haki ya kila raia mwenye pasi, na mwishoni mwa mwaka 1911 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuuvunja mkataba huo kwa kura nyingi mno. Mwaka 1927, Henry Ford, mwenye kampuni ya magari, alipoomba radhi hadharani kwa maandishi ya chuki yaliyochapishwa na gazeti lake, Marshall ndiye aliyeiandika rasimu ya radhi hiyo. Hata hivyo, alipopinga sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliyowafungia mlango watu wengi wa Ulaya Mashariki, alishindwa. Mambo haya matatu yakiwekwa pamoja yanamwonyesha mtetezi kazini, akitumia sheria, barua na subira.

Wapo pia ambao utetezi wao ulipanuka hadi kwa watu wote. René Cassin, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1968, alishiriki kuandaa Tamko la Haki za Binadamu lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, na katika miaka hiyohiyo alikuwa rais wa Alliance Israélite Universelle, taasisi ya Kiyahudi ya elimu na utetezi iliyoanzishwa Paris mwaka 1860. Katika wasifu wa mtu kama huyu usizitenganishe kazi hizo mbili katika aya mbili, kwa kuwa kwake zilikuwa kazi moja.

Kuzipanga na kuzihakiki

Wasifu nne zikichapishwa pamoja, zipe idadi ya maneno inayokaribiana ili asionekane mmoja amepewa kiti cha mbele, lakini usizilazimishe kuanza kwa namna moja. Mmoja unaweza kuanza na mwanafunzi, mwingine na moto wa kiwanda, mwingine na mkataba. Kwa wasifu wa maneno 100, chagua tendo moja, matokeo yake, na nafasi aliyonayo mtu sasa. Kwa maneno 300 unaweza kuongeza chanzo cha tendo hilo na jambo moja lililoshindikana. Shahada ziweke mwishoni kwa sentensi moja, isipokuwa pale ambapo leseni ndiyo inayompa mtu haki ya kufanya kazi hiyo, kama ilivyo katika fiziotherapia. Hapo itaje mapema.

Mpelekee mhusika maandishi ayasome kabla hayajatoka, na umweleze kwamba unaomba asahihishe ukweli wa mambo: majina, miaka, vyeo, mipaka ya kile alichofanya. Akitaka kuongeza sifa, mwombe tukio linaloithibitisha, na mara nyingi atakupa tukio bora kuliko yote uliyokuwa nayo. Akitaka kuondoa jambo linalomhusu mgonjwa, mwanafunzi au mtu aliyemtetea, liondoe bila kubishana. Mwishoni mwa wasifu andika mwezi na mwaka ulioandikwa, kwa kuwa maneno "kwa sasa ni mkurugenzi" huchakaa haraka.