Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kusoma Ujerumani

Ukipata chuo Ujerumani, kila mtu atakuonya kuhusu baridi. Baridi ina dawa yake: nunua jaketi hukohuko, mitumba ipo na wenyewe wanaivaa. Mimi nimekaa Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria, na kilichonitesa si theluji.

Tuyamalize yanayojulikana. Vyeti halisi beba mwenyewe, nakala muachie mtu wa nyumbani anayepokea simu. Kama huna ufadhili, utatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, na humo utatoa euro 992 tu kwa mwezi. Hicho ni kiwango cha tangu Septemba 2024. Kihakikishe upya kabla familia haijauza kiwanja. Bima ya afya ni lazima. Ukishahamia chumbani, nenda ofisi ya mji kajiandikishe ndani ya wiki mbili. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mkate nunua Jumamosi. Saa nne usiku zima muziki, usingoje jirani agonge ukuta.

Zawadi: beba khanga. Ni nyepesi, haivunjiki, na ukianza kueleza maneno yaliyoandikwa pale chini, mazungumzo ya jioni nzima umeyapata. Viungo vya pilau pia. Nyama ya kukausha na samli ya bibi viache, kwa sababu Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu, na afisa wa forodha hajui kwamba bibi ameamka alfajiri kwa ajili yako.

Sasa lugha, na hapa kaa chini. Hata kama masomo yako ni ya Kiingereza, jifunze Kijerumani kabla hujaondoka, na jifunze saa kwanza. Wajerumani wana utaratibu wanaouita tandem: wewe unamfundisha mwenzako lugha yako, naye anakufundisha yake. Bayreuth Kiswahili kinafundishwa chuoni, kwa hiyo sikuhangaika kumpata wa kwangu, dada mmoja mpole aliyekuwa akipigana na ngeli. Siku moja akanialika chakula cha usiku, Ijumaa, "halb acht". Nikajisifu moyoni kwamba nimeelewa: halb ni nusu, acht ni nane, basi ni saa 20:30, kwetu saa mbili na nusu usiku. Kumbe kwao hiyo ni nusu ya kuelekea nane, yaani 19:30. Nilikuwa nimeshapotea saa nzima kabla hata sijavaa viatu.

Ongeza dakika zetu kumi na tano za kawaida. Halafu ongeza wenzangu wawili, mmoja wa Mombasa na mwingine Mrundi, niliowapitia njiani. Kwani kuna ubaya gani? Nyumba yenye sherehe haikosi sahani.

Tulipofika mishumaa imeisha nusu. Meza ina viti vinne, na wageni wawili wa haki wameshakula. Alikuwa amepika minofu ya ng'ombe iliyoviringishwa, minne kamili, kila mtu na wake. Wangu ulikuwa unanisubiri kwenye oveni. Akautoa, akaukata vipande vitatu, akatuwekea na mkate na jibini. Hakusema neno. Njiani kurudi tukamsengenya: hawa watu wachoyo jamani, nyama ya kuhesabu!

Wiki iliyofuata, katikati ya somo, akaniambia usoni bila kupaza sauti: kuchelewa ningekusamehe, lakini umenifanya nionekane mchoyo mbele ya watu nisiowajua. Lile neno nililolisema nyuma yake ndilo lililokuwa limemuuma. Nilitamani sakafu inimeze.

Nilimwalika kwangu kula pilau. Akauliza watakuwa watu wangapi. Nikamwambia sijui, akacheka akidhani natania. Nikasema saa moja usiku. Akabisha hodi saa moja kamili, mimi bado nimevaa taulo, vitunguu havijamenywa. Akavua koti akamenya. Walikuja watu kumi na moja, na kila mlango ulipogongwa aliniangalia mimi, kisha sufuria. Mpaka leo akinialika ananiandikia hivi: "19:30, saa moja na nusu, peke yako."

Kwa hiyo ukiambiwa saa, rudia kwa tarakimu. Ukitaka kuja na mtu, uliza mapema. Na ukimwambia Mjerumani "karibu nyumbani siku moja", ujue atatoa kalenda akuulize siku gani. Usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe, wanaona ni mkosi; na ikifika yako, keki unanunua wewe, usikae kusubiri kununuliwa. Mkienda mgahawani, mhudumu atauliza mnalipa pamoja au kila mtu chake, nawe uwe na chako mfukoni.

Mengine ni ya kawaida. Usitie saini mkataba usioweza kuusoma. Tarehe ya kibali cha ukaazi iandike ukutani, na miadi ya kukihuisha iombe miezi kabla. Usijifungie na Waafrika wenzako tu, wala usiwakimbie. Simu ya nyumbani piga. Barua ya posta ikija, ifungue siku hiyohiyo.