Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mlio wa Klachi Unaokuja na Kutoweka katika Gari Kuukuu

Mlio wa klachi unaosikika wakati wote haumsumbui fundi. Unaomsumbua ni ule ambao dereva anaapa kwamba ameusikia asubuhi nzima kati ya Kibirizi na Mwanga, kisha gari likifika gereji linanyamaza kana kwamba limeonywa. Hapa Kigoma magari mengi ya gia za mkono ninayoyapokea ni pikapu na Hiace zenye umri wa miaka 20 na zaidi, na desturi niliyoikuta katika kazi hii, ambayo nami niliifuata kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, ni kushusha giaboksi mara tu neno klachi linapotajwa. Mwongozo huu unashika njia nyingine: kubaini kwanza mlio unatokea pedeli ikiwa katika nafasi gani, ndipo spana iguswe. Mfano ninaoutumia ni pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, ambayo husukumwa na magurudumu ya nyuma na klachi yake huendeshwa kwa msukumo wa mafuta kutoka kwenye pedeli, yaani haidroliki.

Hatua ya kwanza: mhoji dereva

Usimwulize mlio unatoka wapi, kwa sababu atakuonyesha sakafu tu. Muulize unatokea lini: injini ikiwa baridi au imepata moto, gari likiwa tupu au limebeba, mguu ukiwa juu ya pedeli au pembeni, na kama lilipita kwenye maji au tope siku hiyo. Ikiwa klachi haitelezi na gia zinaingia bila kukwaruza, mwachie gari kwa siku nne au tano, akiwa na karatasi ya kuandika saa, mzigo, na alichokuwa anafanya kwa mguu wakati mlio ulipotokea. Utingo wake anaweza pia kurekodi kwa simu iliyowekwa sakafuni karibu na lever ya gia, akitamka "anakanyaga" na "anaachia" kadiri dereva anavyofanya. Rekodi ya namna hiyo, hata ikiwa ya sekunde 10, huniambia mengi kuliko dereva akiigiza mlio kwa mdomo, ingawa wapo wanaoigiza vizuri sana.

Hatua ya pili: uzalishe mlio mwenyewe

Mlio usiousikia usiurekebishe. Rudia mazingira yaliyoandikwa kwenye karatasi, na kama yanataja mzigo, pakia mzigo. Mimi hupenda kupanda kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, nikisimama njiani na kuondoka tena mara kadhaa, kwa sababu kuondoka kwenye mwinuko huipa klachi joto na mzigo kwa wakati mmoja. Mwache mwenye gari aendeshe, nawe kaa pembeni uangalie mguu wake wa kushoto. Wapo madereva wanaoupumzisha mguu juu ya pedeli safari nzima. Uzito huo mdogo unatosha kuifanya beringi ya kuachilia, ambayo gereji zote tunaiita rilizi, izunguke ikiwa imebanwa kwa saa nyingi, na fundi mwenye mguu mwepesi akiendesha gari hilo hatasikia chochote.

Hatua ya tatu: nafasi nne za pedeli

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ni vyema usiwe na haraka. Mara tu mlio unapojitokeza, simama mahali tambarare na penye hewa, vuta handibreki, weka vigingi kwenye magurudumu, na uache injini katika sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta.

Nafasi ya kwanza ni nyutro, mguu ukiwa mbali na pedeli. Katika hali hii klachi imeshika, yaani imeunganisha injini na giaboksi, hivyo shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi inazunguka pamoja na injini. Nafasi ya pili ni kuigusa pedeli kwa wepesi mpaka uhisi uhuru wake, yaani ule mchezo mwepesi wa mwanzo, umekwisha, bila kuendelea kuikandamiza. Hapo rilizi imeanza kuegemea vidole vya presha pleti, ile sahani ya springi inayoibana klachi pleti, lakini klachi bado imeshika. Nafasi ya tatu ni kukanyaga mpaka mwisho na kusubiri sekunde chache ili shafti ile ipoteze mwendo. Nafasi ya nne ni kuingiza gia ya kwanza huku pedeli ikiwa chini kabisa, na shafti inasimama kabisa ilhali flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, inaendelea kuzunguka.

Ukiwa umeelewa kinachozunguka na kilichosimama katika kila nafasi, majibu hujitokeza yenyewe. Mlio usiokuwepo katika nafasi ya kwanza, ukaanza katika nafasi ya pili na kukua kadiri unavyokanyaga, ni wa rilizi. Mlio usiokuwepo katika nafasi mbili za mwanzo, ukatokea baada ya klachi kuachia na kuwa mkali zaidi katika nafasi ya nne, ni wa pailoti beringi, ambayo hukaa katikati ya mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana beringi hiyo, kwa hiyo usiitafute huko. Mvumo unaosikika katika nafasi ya kwanza na kuisha pale tu pedeli inapofika chini unatoka kwenye beringi ya mbele ya giaboksi.

Jambo moja linawakosesha wengi, nami nilikosea hapo zaidi ya mara moja. Mlio wa nafasi ya kwanza unaonyamaza kwa mguso mwepesi tu, yaani katika nafasi ya pili, si wa giaboksi, kwa kuwa shafti yake bado inazunguka vilevile. Hiyo ni foku, mkono unaoisukuma rilizi, iliyolegea, au rilizi iliyochakaa inayochezacheza mahali pake, na mguso wako umeibana ikatulia. Tofauti ya kunyamaza mwanzoni mwa pedeli na kunyamaza mwishoni mwake ndiyo inayotenganisha kazi ya klachi na kazi ya kufungua giaboksi nzima.

Rudia nafasi hizo angalau mara tatu. Ukihitaji uhakika zaidi, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ganda la klachi na mpini wake karibu na sikio, kisha uhamishie kwenye giaboksi na ulinganishe, ukijihadhari na feni, mikanda na propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma.

Hatua ya nne: zima injini, kanyaga tena

Mlio ukiendelea kusikika injini ikiwa imezimwa, beringi zote nilizozitaja hazihusiki. Mtu mmoja akanyage polepole, mwingine asikilize ndani ya gari kwenye ekseli ya pedeli na bushi zake, kisha chini ya boneti kwenye silinda ya juu inayosukumwa na pedeli, na mwisho chini ya gari kwenye silinda ya chini inayosukuma foku, na kwenye foku yenyewe. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake.

Pikapu moja ya kusomba dagaa ilinifunza hatua hii kwa aibu. Ilikuwa ikilia kama mlango mkavu kila ilipopata moto, nami nikashusha giaboksi, nikaweka rilizi mpya na klachi pleti mpya, na mlio ukarudi siku ya tatu. Raba inayoziba tundu la foku haikuwepo, vumbi la kiangazi lilikuwa limeingia humo kwa miezi, na kichwa cha duara ambacho foku huegemea kilikuwa kikavu na kimelika upande mmoja. Nilikuwa nimekiona nilipofungua, nikakipangusa tu kwa kitambaa.

Hatua ya tano: kagua yaliyo nje kabla ya kushusha

Pima uhuru wa pedeli. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hii huwa kati ya milimita 5 na 15, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Uhuru ukikosekana kabisa, rilizi hubanwa muda wote hata dereva akiwa na mguu mwema. Angalia kiasi na rangi ya mafuta ya klachi, kwa maana yaliyokuwa meusi na yenye maji huifanya silinda ikwame ikipata moto, na gari hulalamika mchana na kutulia usiku. Kagua raba ya foku, bolti za giaboksi, mauntingi (raba zinazoshikilia injini na giaboksi), na bati linaloziba chini ya flaiwili, ambalo likipinda au likinasa kokoto hukwaruza kwa vipindi na kumdanganya kila mtu. Bati la kukinga joto la ekzosi nalo hufanya hivyohivyo.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, tazama puli ya mbele ya krenki wakati mwenzako anakanyaga klachi. Ikiruka mbele kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, vipande vinavyozuia krenki kwenda mbele na nyuma vimelika, na hiyo si kazi ya klachi tena. Mweleze mwenye gari kabla ya kumnunulisha spea.

Hatua ya sita: ukilazimika kushusha

Nafasi za pedeli zikikuonyesha rilizi, pailoti au pleti, shusha giaboksi ukiwa unajua unachotafuta. Usipulize vumbi la klachi kwa kompresa, kwa sababu pleti za zamani huenda zina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Zungusha rilizi kwa mkono huku ukiibana, usikilize kama inakwaruza, na usiioshe kwa petroli wala dizeli, kwani imefungiwa grisi yake ndani na ukiiosha umeiua. Tikisa springi za klachi pleti, na kama kuna mafuta ya injini juu yake, badilisha sili ya nyuma ya krenki kabla ya kufunga.

Kwa gari la umri huu mimi hubadilisha pleti, presha, rilizi na pailoti kwa pamoja, hata kama kilichokufa ni kimoja, kwa sababu kushusha giaboksi mara ya pili humgharimu mwenye gari kuliko beringi ndogo. Paka grisi inayostahimili joto kwenye kichwa cha foku, na kidogo sana kwenye meno ya shafti, ili isirukie pleti. Ipange pleti katikati kwa chombo chake, kaza bolti za presha kwa kukingama, na wakati wa kurudisha giaboksi usiiache ining'inie kwenye shafti, maana uzito huo hupinda pleti mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja. Rudisha raba ya foku, na kama ilipotea, nunua nyingine.

Baada ya kufunga, rudia nafasi zote nne katika mazingira yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dereva, mzigo ukiwemo, na umrudishie karatasi tupu aende nayo wiki moja.