Jinsi ya Kuomba Cheti cha NICET cha Fundi wa Mifumo ya Kengele za Moto Nchini Marekani

Fundi aliyetoka Afrika Mashariki na kuajiriwa Marekani katika kazi ya kengele za moto hachukui muda mrefu kabla ya mwajiri kumwuliza kama ana NICET. Hilo ni jina la taasisi iliyoanzishwa mwaka 1961, yenye makao yake Alexandria katika jimbo la Virginia, ambayo huthibitisha ujuzi wa mafundi katika fani mbalimbali za uhandisi. Katika fani ya kengele za moto kuna madaraja manne: la pili linadai uzoefu wa miaka 2, la tatu miaka 5 na la nne miaka 10, ilhali la kwanza ni la anayeanza. Mwongozo huu unahusu madaraja mawili ya mwanzo.

Cheti hiki si leseni. Leseni hutolewa na jimbo au mji, na baadhi ya majimbo huhesabu cheti cha NICET kuwa sehemu ya masharti yake. Kwa hiyo, kabla hujalipa ada yoyote, uliza ofisi inayohusika katika jimbo lako inataka daraja lipi, maana wapo waliosomea mtihani ambao haukuwa ukitakiwa mahali wanapofanyia kazi.

Hatua ya kwanza ni kufungua akaunti katika tovuti ya NICET, na hapa nakusihi uwe mwangalifu na jina lako. Wengi wetu tuna majina matatu, na si ajabu kitambulisho cha jimbo kikawa na mpangilio tofauti na ule wa pasipoti, au jina la babu likawekwa mahali pa jina la ukoo. Mtihani hufanyika kwa kompyuta katika vituo vya Pearson VUE, ambako jina la kwenye miadi hulinganishwa na la kwenye kitambulisho. Andika jina kama linavyosomeka kwenye kitambulisho utakachobeba siku hiyo, na kama kitambulisho chenyewe kina kosa, kirekebishe kwanza.

Ukishakuwa na akaunti, pakua muhtasari wa maudhui ya mtihani wa daraja lako pamoja na orodha ya vitabu vya marejeo. Vitabu vikuu ni viwili, vyote vya NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto: NFPA 72, ambayo ni kanuni ya kitaifa ya kengele za moto, na NFPA 70, ambayo ni kanuni ya umeme, hasa kifungu chake cha 760. NFPA 72 hutolewa upya kila baada ya miaka 3, na namba za vifungu huhama. Soma toleo lililotajwa katika orodha, hata kama gari la kampuni lina toleo jingine.

Siku hiyohiyo unapoanza kusoma, anza pia daftari la kazi. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu kufaulu mtihani peke yake hakukupatii cheti: utatakiwa pia kueleza historia ya kazi yako, na mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake, kwa kawaida msimamizi wako, athibitishe kwamba unaiweza. Anayengoja hadi afaulu ndipo akumbuke alichofanya miaka miwili iliyopita huandika sentensi kama "nilisaidia kufunga mfumo wa kengele", ambayo haimwambii mkaguzi chochote. Andika kila Ijumaa jengo lilikuwa la aina gani na mikono yako ilifanya nini: ulivuta waya wa saketi ya ving'ora ghorofa ya tatu, ukafunga rezista ya mwisho wa laini, ukapima kama kuna mguso wa ardhi, ukajaribu vitambuzi vya moshi kimoja kimoja na kuandika matokeo. Msimamizi akihamia kampuni nyingine, hakikisha una njia ya kumpata.

Sasa kuhusu kusoma. Mtihani huu unaruhusu marejeo, lakini muda una mipaka, na anayefaulu ni yule anayejua jibu linakaa sura gani. Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili kuna kikwazo cha pekee: neno letu "kengele" hubeba kila kitu, kuanzia kifaa cha dari kinachonusa moshi, hadi king'ora, hadi paneli yenyewe. NFPA 72 inavitenganisha kabisa. Kifaa kinachouambia mfumo kwamba kuna moto kiko Sura ya 17. Kifaa kinachowaambia watu kiko Sura ya 18. Kila unaposoma swali, jiulize kwanza kifaa hiki kinamwambia nani, na tayari umeokoa dakika. Mbali na hizo, zijue vizuri Sura ya 10 yenye misingi pamoja na umeme wa akiba, Sura ya 12 ya saketi, na Sura ya 14 ya ukaguzi, upimaji na matunzo.

Aliyejifunza kazi Nairobi au Dar es Salaam kwa viwango vya Uingereza ajihadhari na namba za zamani. Kitufe cha kuvunja kioo, ambacho mtu hukibonyeza kutoa taarifa ya moto, alikizoea kwenye urefu wa mita 1.4, na mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia. Marekani badala ya kitufe hicho kuna mpini wa kuvuta, nao hukaa kati ya inchi 42 na 48 kutoka sakafuni, ndani ya futi 5 za mlango wa kutokea, na mwendo wa kuufikia katika ghorofa hiyo usizidi futi 200. Fanya mazoezi kwa futi na inchi tangu mwanzo, bila kubadilisha kuwa mita.

Hesabu nazo zisiachwe za mwisho. Chukua mfano wa betri ya akiba, inayoendesha mfumo umeme ukikatika: mfumo unatumia ampea 0.25 ukiwa umetulia na ampea 3 ukilia. Kanuni inadai saa 24 za kutulia kisha dakika 5 za kulia. Zidisha 0.25 kwa 24, unapata 6. Zidisha 3 kwa dakika 5 zilizogawanywa kwa 60, unapata 0.25. Jumla ni ampea-saa 6.25, na ukiongeza asilimia 20 ya tahadhari inakuwa 7.5. Betri ya ampea-saa 7 uliyozoea kuiona ndani ya paneli haitoshi hapa, na anayesahau ile asilimia 20 ataichagua kwa moyo mweupe. Kumbuka pia kwamba mfumo unaotoa maelekezo kwa sauti ya maneno hudai dakika 15 za kulia badala ya 5.

Unapoona kwamba unapata kifungu sahihi bila kupekua ovyo, lipa ada na upange tarehe, ikiwezekana siku usiyotoka kazini usiku. Fika mapema, jibu kwanza yale unayoyajua, na yale yanayohitaji kutafutwa uyawekee alama uyarudie.

Baada ya kufaulu, kamilisha historia ya kazi kutoka katika daftari lako, mtumie msimamizi fomu ya uthibitisho, na uingie kwenye akaunti mara kwa mara uone kama kuna kinachopungua. Cheti hudumu miaka 3, na ili kukihuisha unatakiwa kukusanya pointi 90 za kujiendeleza kitaaluma. Hifadhi ushahidi wa kila mafunzo utakayohudhuria kuanzia wiki ile cheti kinapofika.