Unataka kukusanya sarafu za Bizanti zenye sura ya Kristo? Anza na shaba

Wadau wa Kigoma mnaotaka kuanza, msikimbilie dhahabu. Chukueni folis, yaani sarafu za shaba za Bizanti (dola ya Warumi wa mashariki, makao makuu yake ndo Istanbul ya leo, Uturuki), zile zisizo na jina la mfalme, maana ziko nyingi sokoni na bei haiumizi sana, halafu zina kitu ambacho mi kinanigusa kila nikiishika moja, mfalme kajitoa kabisa kwenye hela yake, hayupo kwa sura wala kwa jina. Zilianza kwa mfalme John Tzimiskes aliyetawala 969 hadi 976, zikaisha mfalme Alexios wa Kwanza alipobadilisha hela mwaka 1092.

Kabla hujanunua jifunze kuisoma. Wataalamu wamezigawa kwa madaraja ya herufi, yaani aina za picha, siyo ubora. Ile ya daraja A mbele ina Kristo kashika Injili, nyuma ya kichwa kuna duara lenye msalaba, na pembeni herufi IC na XC, yaani Yesu Kristo kwa kifupi cha Kigiriki (hiyo C ni S). Geuza upande wa pili utakuta mistari minne inayosema Yesu Kristo mfalme wa wafalme. Madaraja mengine yana msalaba juu ya ngazi, na daraja G lina Bikira Maria kainua mikono anasali. Ukiona sura mbili zimepandana usiitupe, walikuwa wanagonga picha mpya juu ya sarafu ya zamani, mi hizo ndo nazipenda zaidi.

Dhahabu yenye Kristo ni ya zamani zaidi, aliyeanza kuweka sura ya Kristo upande wa mbele ni mfalme Justinian wa Pili kwenye utawala wake wa 685 hadi 695, halafu picha takatifu zikapigwa marufuku na Kristo akarudi kwenye sarafu baada ya 843. Solidasi, ndo hiyo sarafu ya dhahabu, ikiwa nzima ina gramu 4.4 hivi, kwa hiyo mpelekee sonara aipime. Shaba usiiamini kwa uzito peke yake, zilikuwa zinatofautiana mno. Azima lensi ya fundi saa uangalie ukingo, ukikuta mshono au vitundu vya hewa hiyo imemiminwa kwenye kalibu, na muuzaji akiwa na mbili zilizofanana mpaka kwenye mipasuko achana naye, kwa sababu hizi ziligongwa kwa mkono moja moja.

Sasa kusafisha, hapa wengi wanaharibu. Ndimu hapana, siki hapana, majivu na stiliwaya ndo kabisaa, ile rangi iliyoiva kwa miaka elfu ikitoka hairudi. Loweka kwenye maji ya betri (yale safi ya kuongezea, SIYO asidi), sugua taratibu na mswaki laini, kausha vizuri. Sisi tunaoishi karibu na ziwa unyevu ndo adui, ukiona ungaunga wa kijani mpauko unaopukutika itenge hiyo sarafu haraka uiweke pakavu. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, plastiki laini ya PVC inakula shaba.

Na muulize muuzaji imetoka wapi, akupe risiti. Uturuki kutoa vitu vya kale nje ya nchi ni kosa la jinai, kwa hiyo asiyetaka kusema ilikotoka usimpe hela yako.