Kutoka Paani Hadi Sebuleni: Namna ya Kuunganisha Modemu ya Nje na Ruta kwa Kebo

Nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Tanga hadi Mombasa, zimeezekwa bati na kujengwa kwa kuta nene, na ndiyo maana modemu ya 4G inayowekwa juu ya meza ya sebuleni hupata taabu ya kuusikia mnara. Dawa yake ni kuitoa modemu nje: inafungwa kwenye mlingoti juu ya paa ikiutazama mnara, kisha intaneti inashushwa kwa kebo hadi kwenye ruta ya ndani, nayo ruta inaisambaza nyumba nzima kwa Wi-Fi. Kazi hii mtu mwenye mikono mitulivu anaweza kuimaliza kwa nusu siku. Panapowashinda wengi ni kwenye kebo. Katika nyumba nilizoitwa kwa sababu intaneti ni ya kukatikakatika, nimekuta kosa kwenye kebo au kwenye vichwa vyake mara nyingi kuliko nilivyolikuta kwenye mnara, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya itahusu kebo.

Kabla ya kununua chochote, itazame modemu yako upande wa chini, pale kebo inapoingilia. Modemu nyingi za nje hazina tundu la umeme. Zina tundu moja tu la RJ45, yaani lile la mraba la kebo ya mtandao, na humo hupita data pamoja na umeme wa kuiendesha. Umeme huo hutoka kwenye kijisanduku kinachoitwa injekta ya PoE, ambacho hukaa ndani ya nyumba na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Injekta si za aina moja. Zipo zinazofuata kiwango cha 802.3af au 802.3at, ambazo hutoa takribani volti 48 na hukitambua kwanza kifaa kilicho upande wa pili kabla ya kukipelekea umeme. Zipo pia zile zisizouliza kitu, mara nyingi za volti 24, ambazo huanza kupeleka umeme kwenye kebo mara tu zinapochomekwa, kifaa cha upande wa pili kiwe kinauhitaji au hakiuhitaji. Soma maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa injekta na yale yaliyo kwenye modemu, uhakikishe volti zinalingana. Injekta iliyokuja na modemu ndani ya boksi ndiyo ya kutumia; ikipotea, tafuta ya aina ile ile, yenye volti zile zile na ampea zisizopungua za ile ya awali.

Sasa twende dukani kununua kebo. Utaonyeshwa maboksi ya kebo za kijivu za bei nafuu, yote yameandikwa Cat5e au Cat6, yaani madaraja ya kebo za mtandao, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Omba uione ncha ya kebo, menya waya mmoja mwembamba, kisha uukwangue kwa wembe. Ukiwa wa shaba tupu, utabaki na wekundu wake hadi ndani. Ukiwa wa alumini iliyopakwa shaba, wembe utafichua mng'ao mweupe kama wa fedha. Alumini huuzuia umeme zaidi kuliko shaba, kwa hiyo kebo ikiwa ndefu, volti zinazofika juu huwa pungufu na modemu huanza kujizima na kujiwasha yenyewe, hasa saa za jioni ambapo familia nzima iko mtandaoni. Mwenye nyumba hulaumu kampuni ya simu, ilhali tatizo liko ukutani mwake. Waya wa alumini pia huvunjika upesi ukikunjwa mara mbili tatu. Lipa zaidi, uchukue shaba tupu.

Tazama na ganda la nje. Kebo ya kijivu imetengenezwa kukaa ndani ya nyumba. Ikipigwa na jua letu, ganda lake hukakamaa na kupasuka, mvua ikanyesha, na maji yakatambaa ndani ya kebo hadi kwenye injekta. Kebo ya nje huwa na ganda gumu, kwa kawaida jeusi, linalostahimili jua. Mahali penye radi nyingi, chagua kebo yenye ngao, yaani iliyozungushiwa karatasi ya alumini na kupitishiwa waya mmoja mtupu ndani yake, na ununue pamoja nayo vichwa vya RJ45 vyenye ganda la chuma. Ngao haina kazi isipounganishwa na ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, hivyo kebo ya namna hii ikifungwa vichwa vya plastiki pande zote mbili umetupa fedha zako bure.

Pima njia kwa kamba kabla ya kukata. Urefu wote, kutoka kwenye modemu kupitia injekta hadi kwenye ruta, usizidi mita 100, kwani injekta haiongezi nguvu ya data bali huongeza umeme tu. Acha mita moja ya ziada juu na nyingine chini. Utaona baadaye umuhimu wake. Usiipitishe kebo bega kwa bega na nyaya za umeme wa nyumba, bali iwekee nafasi ya angalau sentimita 20, na pale isipowezekana kuziepuka, zikatane kama msalaba badala ya kwenda sambamba. Ukingo wa bati hukata ganda la kebo taratibu kila upepo unapovuma, kwa hiyo vika kipande cha bomba la plastiki mahali hapo. Tundu la kuingilia ukutani litobolewe likiinamia nje, na kabla kebo haijaingia iachie kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yanayofuata kebo yadondokee kwenye kitanzi hicho yasiingie ndani. Kisha ziba tundu kwa silikoni.

Kufunga vichwa ni kazi ya mezani na ya mwanga mzuri, ingawa kichwa cha juu mara nyingi hufungwa paani. Jambo la kwanza, ambalo hata mafundi wazoefu husahau, ni kupitisha kebo kwenye nati na mpira wa kuzuia maji wa modemu kabla ya kufunga kichwa. Ukishakifunga, nati haipiti tena, na itabidi ukate uanze upya. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita 3, ukizungusha wembe kwa wepesi bila kugusa nyaya za ndani. Utaona jozi nne zilizosokotwa. Zifungue, zinyooshe kwa vidole, uzipange kutoka kushoto hivi: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Zibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha zikate zote kwa mkupuo mmoja ili zibaki takribani milimita 13, kwani sehemu iliyofunguliwa msokoto ikiwa ndefu data huharibika. Sukuma nyaya ndani ya kichwa, upande wa ulimi ukiwa chini, hadi uone ncha nane za shaba zimegota ukuta wa mbele. Ganda la nje la kebo nalo lazima liingie ndani ya kichwa, kwa sababu ndilo linalobanwa na kushikilia uzito. Likibaki nje, nyaya nyembamba ndizo zitakazobeba kebo nzima. Ndipo ubane kwa koleo la vichwa, mara mbili kwa uhakika. Upande wa pili fuata mpangilio ule ule. Zamani vifaa vingine vilihitaji kebo yenye mpangilio tofauti upande mmoja, lakini modemu na ruta za sasa hujirekebisha zenyewe.

Baada ya hapo tumia kipima kebo, kile chenye vipande viwili na taa nane, huku injekta ikiwa haijachomekwa, kwani umeme wa PoE huunguza kipimo. Taa ziwake moja hadi nane kwa mfuatano pande zote mbili. Usikubali taa saba kwa kuwa "intaneti inafanya kazi". Kwenye injekta nyingi za volti 24 umeme hupita katika nyaya za 4, 5, 7 na 8, kwa hiyo modemu isipowaka kabisa, anza kukagua hizo. Na kama modemu na ruta zote zina uwezo wa Gigabit (Mbps 1,000), kukatika kwa waya mmoja kati ya hizo huishusha kasi hadi Mbps 100. Ukiona vipimo vinagota kwenye 94 wala havisogei, rudi kwenye vichwa.

Injekta ina matundu mawili yanayofanana. Lililoandikwa POE linapokea kebo inayotoka paani. Lililoandikwa LAN linapokea kebo fupi inayokwenda kwenye tundu la WAN la ruta, yaani la kupokelea intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi ya pekee. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kuzibadilisha kebo hizi mbili nikiwa na haraka, kwenye injekta ya volti 24. Ruta ya mteja ilinuka kama plastiki inayoungua, tundu la WAN halikufanya kazi tena, nami nikalazimika kununua nyingine. Tangu siku hiyo huandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe, "PAANI" na "RUTA", nikaubandika kwenye ncha za kebo kabla hata injekta haijatoka kwenye boksi. Mfuatano salama ni huu: unganisha modemu juu, unganisha kebo ya paani kwenye POE, kisha ruta kwenye LAN, soma maandishi mara ya pili, na mwisho kabisa ndipo uwashe soketi.

Ila siku ya kwanza, kwenye LAN usianze na ruta. Chomeka kwanza kompyuta mahali pa ruta na ufungue ukurasa wa modemu kwa anwani iliyobandikwa kwenye kifaa. Humo utaona nguvu ya mawimbi, inayoandikwa RSRP. Namba ni hasi, na ikikaribia sifuri ndivyo bora: karibu na -80 ni nzuri sana, na ikishuka kupita -110 tegemea matatizo. Mwenzako aliye juu aizungushe modemu polepole, akingoja kidogo kila anapoigeuza, nawe umsomee namba. Utazame pia SINR, ambayo ni kipimo cha usafi wa mawimbi. Mara nyingine mnara wa mbali kidogo wenye SINR kubwa hutoa kasi nzuri kuliko wa jirani wenye msongamano.

Ikishatulia, rudisha ruta na uweke WAN kwenye DHCP, yaani ruta ipewe anwani yenyewe, isipokuwa kampuni ikupe jina na neno la siri la PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na neno la siri. Kama modemu na ruta zote zinatumia anwani ya 192.168.1.1, intaneti haitapita hata kama taa zote zinawaka. Ingia kwenye ruta ubadilishe ya kwake iwe, kwa mfano, 192.168.10.1. Kwa matumizi ya kawaida hiyo inatosha. Anayetaka kutazama kamera za nyumbani akiwa mbali atakutana na ruta mbili zinazofuatana, kwa kuwa modemu nayo hufanya kazi ya ruta, kwa hiyo aiweke modemu katika hali ya daraja, yaani ipitishe intaneti tu, ikiwa inaruhusu. Hata hivyo, kama anwani ya WAN inaanzia 100.64 hadi 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango kwenye ruta, yaani kuruhusu mtu wa nje aifikie kamera, hakutasaidia. Tumia kamera zinazopitia huduma ya mtandaoni.

Mwenye modemu ndogo ya USB na ruta yenye tundu lake anaweza kufuata wazo hili kwa kebo ya kurefushia, ila isizidi mita 5, na ikiwa modemu inajizima, atafute kebo ya USB yenye vichwa viwili vya kuvuta umeme. Kwa paani sipendekezi njia hii, kwa kuwa vifaa hivyo havikutengenezwa kwa mvua.

Mlingoti uunganishwe na ethi kwa waya mnene wa shaba, na kazi hiyo mwachie fundi umeme. Radi inapoanza kunguruma, chomoa injekta kwenye soketi na uchomoe pia kebo ya paani kutoka kwenye injekta, kwa maana kuzima swichi peke yake hakuizuii radi kupita kwenye kebo. Karibu na bahari adui mwingine ni chumvi. Kila masika yakiisha, zima injekta, panda ukafungue nati ya modemu, ukitazame kichwa cha juu kwa tochi: vile vibamba nane vya rangi ya dhahabu vikiwa na doa la kijani, kikate kichwa hicho, vuta ile mita moja ya ziada uliyoiacha, na ufunge kingine kipya.