Farasi ameota nywele nyeupe? Kagua hivi

Kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo: nywele nyeupe zenyewe hazimuumizi farasi. Ni ishara kwamba chembe zinazotoa rangi kwenye shina la nywele zimekufa, au hazikuwepo tangu mwanzo.

1. Mpeleke penye jua, zitenganishe nywele kwa vidole, uone ngozi. Kigaga, umajimaji au joto ni kidonda cha sasa. Ngozi ikigeuka waridi midomoni na kuzunguka macho, bila kidonda, huenda ni vitiligo, yaani ngozi kupoteza rangi yake. Haiumi, ila huungua haraka na jua la Nairobi, hata Julai.

2. Linganisha na vifaa. Pande mbili za nundu ya mabega: tandiko. Nyuma ya kiwiko: mshipi wa tumboni. Nyuma ya masikio: hatamu. Tandiko moja likizungushwa kwa farasi wote wa zizi, lazima mmoja aumie.

3. Mfanyishe kazi dakika 30, vua tandiko, tazama jasho. Kiraka kikavu katikati ya sehemu iliyolowa ndipo panapobanwa. Pabonyeze, akizamisha mgongo, asipandwe. Mpandaji akiwa juu, vidole 2 au 3 vipite kati ya nundu na upinde wa mbele wa tandiko.

4. Zimeanzia usoni na zinaongezeka kila mwaka? Huyo ni wa kijivu, alizaliwa na rangi nyingine. Akishazeeka, chunguza uvimbe mweusi chini ya mkia. Zikiwa ubavuni na kwenye shina la mkia tu tangu utotoni, ni urithi.

Maswali

*Saisi (mtunza farasi) wa Karen, Nairobi: Mwalimu, tandiko linabana. Nikiweka blanketi mbili?*
Hapana, ndugu yangu. Utazidi kulibana. Linahitaji fundi, au badilisha.

*Rangi itarudi?*
Ukiondoa mbano mapema, huenda. Chembe zikishakufa, ndiyo basi. Chapa ya baridi, yaani alama inayopigwa kwa chuma chenye baridi kali, hufanya kazi hivyo hivyo, kwa makusudi.

*Farasi wa mbio ana vidoa vidogo kama vya chokaa, hajawahi kuumia.*
Huitwa alama za Birdcatcher, kwa jina la farasi wa Ireland aliyezaliwa 1833. Huja na kupotea. Piga picha uandike tarehe, visije vikaleta ubishi kwenye hati zake.

*Weupe uko katikati ya tumbo na anajikuna sana.*
Hapo shuku usubi, au minyoo ya Onchocerca wanayoieneza. Mwite daktari wa mifugo. Ivermectin, miligramu 0.2 kwa kilo ya uzito, huua viluwiluwi, si minyoo wakubwa, kwa hiyo kuwashwa kunaweza kurudi. Tumbo likivimba kidogo baada ya dozi, mjulishe.