Somo: Kuwapeleka wageni wa meli shamba la viungo siku yao ya mwisho

Wageni wanaomalizia safari ya meli hapa Unguja hushuka bandari ya Malindi asubuhi na mabegi yao, na ndege yao ni jioni au usiku. Vijana wetu wengi wanaotembeza wageni huwazungusha madukani hadi saa ziishe. Mimi nasema wapelekeni Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Mtu aliyekaa siku nyingi baharini ana hamu ya udongo na majani.

Hatua ya kwanza, panga saa kuanzia mwisho. Ndege ikiwa saa mbili usiku, wageni wawe uwanjani saa kumi na moja jioni. Toka hapo rudi nyuma: chakula, njia, shamba. Kizimbani ni kama kilomita 15 kutoka mjini, lakini tenga saa nzima ya barabara, kwa sababu foleni ya Bububu haina adabu. Mabegi yafungiwe garini na dereva asiondoke.

Hatua ya pili ni miguu. Wengi wao ni watu wazima. Mwombe mwenye shamba akuonyeshe njia isiyo na matope, na gari isogee karibu.

Hatua ya tatu ndiyo somo lenyewe: chagua miti michache. Nimeona vijana wakitaja mimea mfululizo mpaka mgeni anaduwaa. Mitano inatosha. Na usitaje jina kwanza. Fikicha jani, mpe anuse, msubiri aseme mwenyewe.

Anza na mkarafuu. Mwonyeshe kikonyo chenye vichwa ambavyo havijafunguka, umweleze kwamba hivyo ndivyo vinavyochumwa na kuanikwa juani. Ua likishachanua, karafuu imepotea. Mwambie pia kwamba mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulipandwa hapa Kizimbani na Mtoni karne ya 19. Waliolima na kuchuma mashamba hayo walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897. Msiliruke hilo kwa kuogopa kumharibia mgeni siku yake. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu.

Kisha kungumanga: pasua tunda, aione basibasi nyekundu imeikumbatia mbegu. Mdalasini, mkwangulie gome, halafu mzizi, ambao unanukia karafuu maiti, yaani kafuri. Hapo kila mgeni hushtuka. Iliki, ainame mwenyewe aone vitumba vinavyozaa chini kabisa, karibu na ardhi. Malizia na vanila.

Hatua ya nne, ununuzi. Anunue viungo vikavu, vilivyofungwa vizuri. Miche, matunda mabichi na chochote chenye udongo asibebe, nchi nyingi humnyang'anya mpakani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu, basi mwelekeze kwenye vikapu vya ukili, na mama wa kijijini apate riziki.

Saa zikiwa chache, usilazimishe Kizimbani. Bustani ya Victoria pale Vuga iko ndani ya mji; ilikuwa ya jamaa wa nyumba ya Sultani Barghash, na watu wote wakafunguliwa 1899.

Maswali ya wanachama

*Bi mkubwa, shikamoo. Masika je, tuahirishe?*

Marahaba mwanangu. Usiahirishe, harufu ya majani hupanda baada ya mvua. Chukua miavuli, na kabla ya kuingia garini wasafishe viatu, kwa sababu ya ule udongo niliousema.

*Mgeni aliniuliza kwa nini vanila inachavushwa kwa mkono, nikakosa jibu.*

Asili yake ni Mexico, na wadudu wanaoichavusha huko hatunao. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Njia ya kutumia kijiti na kidole aliigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, akiwa na miaka 12. Mtaje jina. Dunia nzima inapata vanila kwa ujuzi wa mtoto yule.

*Anayepanda mnazi na kuimba, tumlipe sisi au mgeni?*

Mwambieni mgeni kabla hajapanda kwamba kuna bakshishi, na kwamba ni hiari yake. Mtu akishaning'inia juu huko si wakati wa kuanza mapatano. Na kama kikundi ni chenu cha siku nzima, wekeni fungu lake katika bei tangu mwanzo. Kazi ile ni ya hatari, asiachiwe kutegemea moyo wa mgeni peke yake.

*Maua ya kikuba wanaweza kwenda nayo?*

Kishada kile cha maua ya kunukia wakivae, wapigwe picha, wanukie njia nzima. Wakifika Kisauni, uwanja wa ndege, wayavue, umpelekee mkeo.